Jinsi ya kudai kurejeshewa usajili wa VAT uliofutwa: kutoka pingamizi hadi Bodi ya Rufani za Kodi

Mfanyabiashara mdogo wa Tanzania Bara anayefutiwa usajili wa Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, hupoteza zaidi ya namba ya usajili, kwa sababu tangu siku hiyo haruhusiwi kutoa ankara ya kodi, na wateja wake waliosajiliwa, ambao walikuwa wakidai marejesho ya kodi waliyomlipa, huanza kutafuta muuzaji mwingine. Njia ya kudai usajili urejeshwe ipo kisheria, lakini ina tarehe zisizosubiri mtu.

Kabla ya kuandika chochote, soma sababu iliyotajwa katika barua ya kufutiwa. Tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili kimepanda kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, hivyo kama mauzo yako hayafiki hapo na umefutwa kwa msingi huo, yumkini huna kesi ya kushinda. Ikiwa sababu ni ritani, yaani taarifa za kodi za kila mwezi, ambazo hazikuwasilishwa, ziwasilishe zote mara moja, hata zile za miezi isiyo na mauzo, maana ni vigumu kumshawishi yeyote kwamba umeonewa wakati ritani zako, ambazo hutakiwa kufika kila tarehe 20 ya mwezi unaofuata, bado hazijafika.

Hatua ya kwanza ya kisheria ni pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Pingamizi huwa la maandishi, hueleza sababu moja baada ya nyingine, na huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu ulipopokea uamuzi. Tuseme duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro limepokea barua tarehe 3 Machi: siku ya mwisho ni tarehe 2 Aprili. Kwa hiyo tunza ushahidi wa siku uliyopokea barua, na hakikisha nakala ya pingamizi lako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kama barua ya kufutiwa imeambatana na makadirio ya kodi unayoyapinga pia, jua kwamba pingamizi dhidi ya makadirio hayo halipokelewi mpaka ulipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokibishia, chochote kilicho kikubwa zaidi, isipokuwa Kamishna Mkuu akubali kwa sababu za msingi kukupunguzia au kukusamehe malipo hayo.

Wapo wanaokataliwa pingamizi wakakimbilia Mahakama Kuu, na hapo ndipo siku zao huishia bure. Sheria ya Rufani za Kodi imeipa Bodi ya Rufani za Kodi mamlaka ya pekee ya kusikiliza migogoro hii kwa mara ya kwanza, kwa hiyo shauri lililofunguliwa kwingine hutupwa bila kusikilizwa, na muda wa kwenda kwenye Bodi unakuwa umekwisha.

Mbele ya Bodi kuna nyaraka mbili, na naomba msomaji alitazame hili kwa makini kuliko yote. Taarifa ya kusudio la kukata rufani huwasilishwa ndani ya siku 30, na rufani yenyewe ndani ya siku 45, lakini vipindi vyote viwili huhesabiwa kutoka siku ileile uliyopokea uamuzi wa mwisho wa Kamishna Mkuu. Aliyepokea uamuzi tarehe 10 Juni ana mpaka tarehe 10 Julai kwa taarifa na tarehe 25 Julai kwa rufani. Akidhani siku 45 zinaanza baada ya taarifa, amechelewa. Aliyechelewa kwa ugonjwa, kwa kuwa nje ya nchi au kwa sababu nyingine ya msingi anaweza kuiomba Bodi imwongezee muda, ila atatakiwa kuithibitisha.

Ambatanisha uamuzi unaoupinga, taarifa ya kusudio, ritani, stakabadhi za malipo, taarifa za mashine ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti, na barua zote mlizoandikiana. Mzigo wa kuthibitisha kwamba uamuzi ulikosewa ni wako mrufani, wala si wa Mamlaka. Katika maombi yako usiishie kusema usajili urejeshwe: taja tarehe unayotaka uhesabike kuwa umerejea, kwa sababu ukirejeshwa kuanzia siku ulipofutwa, utawajibika kwa VAT ya mauzo ya kipindi chote cha katikati.

Usiporidhika na uamuzi wa Bodi, toa taarifa ya kusudio ndani ya siku 15 ili uende Baraza la Rufani za Kodi, ambalo mwenyekiti wake ni Jaji wa Mahakama Kuu. Kutoka huko, Mahakama ya Rufani husikiliza hoja za kisheria tu.

Muda wote huo usitoe ankara yenye VAT. Ukishinda, peleka nakala ya uamuzi kwenye ofisi yako ya kodi na udai uthibitisho wa maandishi kwamba usajili wako uko hai, kisha ndipo uirudishie mashine ya EFD mpangilio wa VAT.