Umetoka joging mkojo umekua kama chai ya rangi? Fanya hivi

Mi nipo maabara hapa Mwanza na joging za jumapili nakimbia pia, kwaiyo hii kesi naijua. Mtu katoka Kirumba mpaka Capri Point na kurudi, akiingia chooni anaona mkojo wa kahawia, moja kwa moja duka la dawa kununua dawa ya kichocho. Tulia kwanza.

Hatua ya 1: pumzika, kunywa maji kidogo kidogo, na diklofenaki USIGUSE, wala ibuprofeni. Ukikanyaga lami kwa muda mrefu seli nyekundu zinapasuka kwenye mishipa ya nyayo, himoglobini (ile rangi nyekundu iliyo ndani ya seli) inamwagika kwenye damu, kuna protini inaitwa haptoglobini inaidaka lakini ikizidiwa inayobaki inapita kwenye figo, inaziba vile vimirija na chuma chake kinaviumiza. Sasa umekaukiwa maji afu unameza dawa inayopunguza damu kwenda kwenye figo, yani unajimaliza mwenyewe.

Hatua ya 2: kinga mkojo kwenye kikopo kisafi, uwahishe maabara. Ukikaa sana seli zinapasuka humohumo kikoponi na jibu linaharibika.

Hatua ya 3, na hapa ndo wengi wanapotezwa: usiondoke na jibu la kijiti (kile kinachochovywa kwenye mkojo) peke yake. Kijiti kinasema damu ipo hata kama ni himoglobini tupu, au mayoglobini iliyotoka kwenye msuli. Omba waangalie na hadubini. Seli zikionekana, fikiria kibofu, mawe, au kichocho cha mkojo (mayai yanatafutwa kwenye mkojo wa saa 4 asubuhi mpaka saa 8 mchana, na kichocho cha huku ziwani zaidi ni cha tumbo bana). Seli hakuna? Tunatoa damu tunaizungusha kwenye mashine, maji ya juu yakiwa ya pinki basi seli zimepasuka, yakiwa na rangi yake ya kawaida tunapima CK (kimeng'enya cha msuli) maana msuli ndo umeumia.

Hatua ya 4: pima kreatinini, inaonyesha figo zinafanyaje kazi. Mara nyingi mkojo unasafika ndani ya siku 1 hadi 3, daktari Fleischer alishaliandika hili mwaka 1881 kwa askari wa Ujerumani baada ya kutembea sana. Ila mkojo ukipungua, ukavimba, misuli ikakakamaa au una selimundu, nenda hospitali leoleo. Ukiwa na homa pima na malaria.

Hatua ya 5: ukirudi kwenye joging, kimbia kwenye nyasi au vumbi, viatu vya soli nene. Ikijirudia hata kwa mbio fupi omba kipimo cha G6PD (kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu) na selimundu, hapo usisingizie viatu.