Zoezi la jioni: kupima shughuli za siku kwa mizani ya umilele

Zoezi hili huwa nalifanya na wanajumuiya wenzangu, wengi wao wafanyabiashara wadogo. Andaa Biblia, daftari na robo saa kabla ya kulala. Simu iweke chumba kingine.

Hatua ya 1. Andika jambo moja lililokusumbua leo. Usiandike "maisha magumu", hilo halipimiki. Andika "mwenye nyumba anadai kodi ya miezi mitatu", au "mteja niliyemkopesha unga hapokei simu".

Hatua ya 2. Soma 2 Wakorintho 4:16–18 kwa sauti. Hapa ndipo wengi hukwama. Paulo anaiita dhiki yake nyepesi, na mwenye deni akisikia hivyo huona anabezwa. Basi fungua na sura ya 11, mstari wa 24 na 25: mara tano alichapwa viboko arobaini kasoro kimoja, mara tatu bakora, mara moja mawe, mara tatu akavunjikiwa jahazi. Aliyesema "nyepesi" ni huyo huyo. Hasemi haikuuma. Ameipima pamoja na utukufu wa milele, akaona upande upi mzito.

Hatua ya 3. Gawa ukurasa kwa mstari. Kushoto andika vinavyopita: kodi, unga, hasira ya leo. Kulia andika watu waliomo. Mwenye nyumba, hata awe mkali vipi, atasimama mbele za Mungu kama wewe. Kwangu hatua hii ndiyo zoezi lenyewe; nyingine zinaisindikiza tu.

Hatua ya 4. Chagua tendo moja la kesho kwa mtu wa upande wa kulia. Mpigie mwenye nyumba kabla hajakupigia, mweleze ulicho nacho na utamalizia lini. Umilele haufuti kodi! Waumini wa Thesalonike walioacha kazi waliandikiwa wazi: asiyetaka kufanya kazi, asile (2 Wathesalonike 3:10).

Hatua ya 5. Omba kwa maneno yako mwenyewe, ulale. Jumamosi pitia kurasa za wiki nzima uone ni nani anayejirudia upande wa kulia. Huyo mtembelee.

Angalizo: usimpe mfiwa zoezi hili. Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado alilia (Yohana 11:35). Msibani peleka unga, chota maji, kaa na wenzako.