Msimbo P0171: usikimbilie kununua sensa ya oksijeni

P0171 ni msimbo wa hitilafu kutoka kompyuta ya gari; maana yake mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Sensa ya oksijeni, inayopima moshi kwenye ekzosi, mara nyingi inaripoti tu. Kuibadilisha bila kupima ni kumfukuza mjumbe.

Chomeka skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) kwenye soketi ya pini 16, pasha injini moto, kisha soma masahihisho ya mafuta (fuel trim: asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza), ya muda mfupi na ya muda mrefu. Jumla ikiwa karibu na sifuri, ni sawa. Ikipita +10% hivi, kompyuta inaongeza petroli kufidia kitu.

Sasa jambo lenye faida zaidi: linganisha asilimia hizo kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) na kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Asilimia ikiwa juu kwenye sailensa na ikashuka ukikanyaga, kuna hewa ya wizi, yaani inayoingia bila kupimwa. Kagua mipira ya vakyumu (kwa gari kuukuu hupasuka chini, usipopaona), gasketi ya manifoldi na mpira mkubwa baada ya chujio la hewa. Ikipanda ukiongeza mzigo, shuku sensa ya hewa (MAF, inayopima hewa inayoingia kwenye injini) iliyochafuka, chujio la petroli lililoziba au pampu ya petroli dhaifu.

Sensa ya hewa isafishe kwa dawa yake maalumu, si ya kabureta, usiguse waya, na iache ikauke kabisa.

Kagua pia kama ekzosi ina ufa sehemu iliyo kabla ya sensa ya oksijeni: ufa huvuta hewa ya nje na kuidanganya sensa. Sensa ya oksijeni ya kawaida, ikiwa nzima, hurukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9.