Jinsi ya kuchagua mifi ya bei nafuu ya kuperuzi kazini (nilivyozoea kufanya huku Malaba)

Mimi nafanya klaringi, yaani kutoa mizigo forodhani, hapa Malaba, mpakani na Kenya, upande wa Uganda, na ofisi za jirani wameshanizoea, mtu akitaka mifi, ile routa ndogo ya kutia mfukoni, ananiita nimchagulie. Kosa ninaloliona kila siku ni lilelile, mtu anakimbilia dukani kabla hajajua mtandao gani unashika vizuri pale anapokaa. Anza na mtandao jamani, kifaa baadaye.

Kwa hiyo hatua ya kwanza hata hela haitoki. Tia laini ya MTN kwenye simu, kaa mezani kwako kabisa, sio nje kwenye varanda, ingia setingi, sehemu ya kuhusu simu, halafu hali ya laini, utaona namba imeandikwa dBm, ndiyo nguvu ya mtandao. Kwenye 4G ikisoma -85 au -95 hivi uko sawa, ikisoma -110 kwenda mbele hapo utalia. Hizo ni namba za hasi, -85 ni nzuri kuliko -110, kuna jamaa alinibishia hapa nusu saa nzima mpaka chai ikapoa. Sasa rudia na Airtel. Pima saa nne asubuhi na tena saa tisa mchana, maana alfajiri watu wamelala mtandao unakudanganya. Ofisi yangu imeezekwa mabati na mbele kuna kontena mbili, laini moja mezani inasoma -108, dirishani -90, na ni hatua nne tu hapo katikati.

Ya pili, jiulize unafanyia nini. Kama ni kuperuzi, imeili, kuingia ASYCUDA (mfumo wa forodha) na kutoa risiti za EFRIS (zile za kodi za kielektroniki), 4G ya kawaida inakutosha na kubaki. Kwenye boksi wataandika kasi ya Mbps 150, hizo sahau, hutaziona, lakini pia huzihitaji, kwa hiyo usiongeze hela ya 5G kwa sababu ya kufungua kurasa. Ila usikubali ya 3G hata wakikupunguzia bei. Zile Huawei E5330 bado zinazunguka madukani zimefutwafutwa vizuri kama mpya, na ni 3G tupu. Fungua mfuniko, toa betri, soma modeli iliyoandikwa chini yake, igugo pale pale mbele ya muuzaji. Ukigugo angalia na bendi, yaani masafa ya 4G ambayo kifaa kinashika: huku kwetu tafuta yenye 3, 7 na 20. Yenye 2, 4, 12 na 13 tu ilitengenezewa Marekani, itakuwa pambo la meza.

Ya tatu ni dukani penyewe, hapa ndo pana mambo. Nenda na laini mbili za mitandao tofauti na simu yenye chaji. Mifi nyingi za bei ndogo zimefungiwa mtandao mmoja, muuzaji atakwambia "hii inakubali zote ssebo (bwana)", sawa, mwambie tuone, tia laini ya mtandao mwingine, ikiomba namba ya siri ya kufungua basi umeshajua. Usimwachie atie laini ndogo ndani ya adapta ya plastiki iliyolegea, ikikwama inang'oa zile pini za ndani, nilinunua moja hivyo na ikafa wiki ileile.

Halafu betri. Itoe, ilaze juu ya kioo cha kaunta, izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia ya watoto, imeshavimba tumboni, irudishe. Betri nzima inakwaruza na kusimama. Ukiona 1500 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba, jua mchana utatafuta chaja, mimi napenda za 2000 kupanda kwa sababu umeme wetu mnaujua. Chomeka waya wa chaji, utikise kidogo, taa ikizimika na kuwaka tundu limechoka. Nikifanya hivi vyote mbele yake bei yenyewe inashuka, juzi moja ilianzia laki na themanini tukaondoka nayo kwa laki na kumi, used lakini safi.

Ya nne, kuiwasha. Laini isajiliwe kwa jina lako, na bando nunulia kwenye simu kwanza ndo uihamishe, maana kubonyeza zile namba za nyota za kununulia bando kwenye mifi ni tabu. Na usijidanganye, gharama iko kwenye bando: OTT, ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliondoka lakini tangu Julai 2021 data inakatwa ushuru wa asilimia 12. Kwa hiyo kwenye Windows fungua setingi za hiyo Wi-Fi uiambie kompyuta data hii ni ya kupimwa (metered), la sivyo apdeti zitakunywa bando la wiki kabla ya chakula cha mchana. Badilisha paswedi pia, ile ya kiwandani imeandikwa ndani ya mfuniko na kila aliyeishika dukani ameiona.

Ya mwisho ni ya sisi wa mpakani, Malaba, Busia na kwingine, wa Kampala rukeni. Mifi haijui mpaka, mtandao wako ukipotea na mnara wa Kenya uko karibu inahamia huko kimyakimya. Yangu ilishinda wikendi nzima ng'ambo, Jumatatu nikakuta salio shilingi saba. Fungua brauza, andika 192.168.8.1 kama ni Huawei, nyingine namba iko kwenye stika, zima rominga (kutumia mtandao wa nchi nyingine), chagua mtandao wako kwa mkono usiache otomatiki, sevu, uizime na kuiwasha tena, halafu angalia juu pale kama ile herufi R, alama ya rominga, imeondoka.