Somo: Kupunguza na kuchonga ndevu mwenyewe nyumbani

Wakuu, kinyozi mzuri ana kazi yake na sina nia ya kumnyang'anya. Ila ndevu huota kiasi cha milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku, na wiki mbili zikipita mstari aliokuchonga hauonekani tena. Hapo ndipo somo hili linapofaa. Nimelilenga kwa nywele zetu za kipilipili, maana video nyingi za mafunzo ni za watu wa nywele zilizonyooka, na ukizifuata kama zilivyo unavuna vipele.

Vifaa: mashine ya kunyolea na vile vitana vyake vya plastiki, mkasi mdogo, kitana cha meno mapana, kioo, spiriti. Mashine iwe imejaa chaji. Chaji ikipungua hainyoi, inavuta.

1. Osha, kausha, kisha chana. Nywele za kipilipili zikiwa na maji hurefuka, zikikauka hujikunja. Ukizikata zina maji, baadaye utakuta umekata kuliko ulivyotaka. Chana kuelekea nje mpaka zisimame. Mafuta yasubiri, yanaziba meno ya mashine.

2. Anza na kitana cha namba kubwa. Kwa mashine nyingi namba 1 huacha milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 kama 10, namba 4 kama 13. Kama hujui urefu unaotaka, pita na 4 kwanza, jitazame, kisha shuka. Karibu na masikio tumia namba ndogo kwa hatua moja kuliko kidevuni, ili sharafa ziungane na nywele za kichwa bila ngazi.

3. Shingo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanafuata mfupa wa taya, wananyoa kila kilicho chini yake, na wakiinama tu kidevu kinaonekana kining'inia bila ndevu za kukificha. Tazama mbele, usiinue kichwa. Pima upana wa vidole viwili kutoka kikoromeo kwenda juu: hapo ndipo chini kabisa pa ndevu zako. Kutoka hapo chora upinde unaopanda taratibu kila upande mpaka nyuma ya sikio. Ukishaweka alama, sasa inua kidevu unyoe yaliyo chini ya upinde.

Kabla ya kunyoa papasa shingo kwa kiganja. Upande unaoteleza ndiko nywele zinakoelekea, upande unaokwaruza ni kinyume. Utashangaa: chini ya taya zinashuka, sentimita chache pembeni zinalala kuelekea sikioni, na wengine zao zinaota kwa kuzunguka kabisa. Fuata zinakoelekea, sehemu kwa sehemu.

4. Mashavu. Ondoa zile zilizopotea njia juu ya mstari wa asili, basi. Mtego uko kwenye kusawazisha: la kulia limeonekana juu, unalishusha, sasa la kushoto ndilo liko juu, unashusha na hilo, mwisho unabaki na kamba nyembamba tayani. Hakuna uso uliolingana pande zote mbili, na hakuna anayekupima kwa rula.

5. Masharubu. Funga mdomo bila kuukaza, chana kushuka chini, kata kwa mkasi zinazovuka mdomo, ukianzia katikati kwenda pembeni.

6. Malizia. Suuza kwa maji ya baridi, paka matone machache ya mafuta ya nazi, yafike kwenye ngozi na si juu ya nywele tu. Spiriti ni ya mashine. Kujimwagia usoni kunakausha ngozi, hata kama tumezoea kuunguzwa kwa kinyozi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi shingo yangu ni vipele mwaka mzima. Nifanyeje?
Pole ndugu. Nywele ya kipilipili ikikatwa chini sana inajikunja na kuchoma ngozi inaporudi, mwili unaiona kama mwiba. Acha wembe kwa wiki tatu au nne. Kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, usikamue wala kuchomoa. Ukirudi kunyoa tumia mashine inayoacha kama milimita moja. Vikigeuka mabonge magumu, muone daktari wa ngozi, na ukae mbali na krimu za mitaani zisizoeleweka zina nini.

Ni kweli ukinyoa mara kwa mara zinajaa?
Hapana. Mwaka 1928 mtafiti Mildred Trotter wa Marekani alilipima jambo hili, hakukuta kunyoa kukibadili unene wala kasi ya kuota. Ncha iliyokatwa ni butu, ndiyo maana inakwaruza na kuonekana nene. Zenye mapengo ziache zirefuke, ndefu zitafunika.

Sheikh, mimi sipunguzi ila kwa kipimo cha ngumi. Nakataje?
Imepokewa kuwa Ibn Umar, sahaba wa Mtume, alifanya hivyo katika hija na umra. Hukumu yake waulize wanazuoni, mimi nakupa mkasi tu: chana kwanza, shika chini ya kidevu bila kuvuta, kata zilizotokeza chini ya ngumi. Ukizivuta, ukiachia zitapanda juu ya kipimo.

Tunatumia mashine moja na wadogo zangu, kuna shida?
Ndiyo, mapunye huhama hivyo. Piga brashi, futa meno kwa spiriti kabla ya kila mtu, yakikauka tia tone la mafuta ya mashine. Wembe usichangiwe kabisa, homa ya ini aina ya B hupita kwenye damu hata ikiwa kidogo mno.

Mvi zimeanza, naweza kupaka piko?
Piko nyingi zina kemikali ya PPD, na wapo inaowavimbisha uso. Paka kidogo nyuma ya sikio, subiri saa 48. Ukiwashwa, iache moja kwa moja. Hina ya majani matupu haina PPD, ila itakupa wekundu, si weusi.