Ikisiri yako ina matokeo ama ni utangulizi tu?

Kila mwisho wa muhula nikipita Wandegeya, hapa Kampala, kwenye maduka ya kuprinti, sikosi mwanafunzi amesimama nyuma ya mtu wa kompyuta anamtajia ikisiri (ule muhtasari mfupi wa mwanzo wa tasnifu) hapo hapo, tasnifu yenyewe inangoja kubaindiwa, na karibu zote zinaanza hivi: "Kiswahili ni lugha inayozungumzwa Afrika Mashariki..." Banange, nani hajui hilo?

Sicheki mtu. Yangu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu pembeni, "Kwa hiyo?", basi. Nilikuwa nimekula mistari minane na historia ya lugha, mpaka uamuzi wa baraza la mawaziri la Uganda wa 2022 kuhusu Kiswahili nikauingiza, alafu matokeo nikayapa nusu sentensi.

Ken Hyland, mtafiti wa uandishi wa kitaaluma, mwaka 2000 aliigawa ikisiri hatua tano: utangulizi, kusudi, mbinu, matokeo, hitimisho. Watu wa tiba wao tangu 1987 walianza kuziwekea hatua hizo vichwa vidogo kabisa ili daktari asitafute. Sisi wa lugha hatuweki vichwa lakini msomaji anazitafuta tu.

Utangulizi sentensi moja inatosha, mbili ukizidiwa, na ionyeshe pengo, yaani kile wenzako hawajagusa. Kusudi: "Utafiti huu unachunguza..." songa mbele. Mbinu ni nani, wangapi, wapi, uliwahoji ama uliwarekodi.

Matokeo ndo nyama yenyewe. Angalia hii: "Utafiti ulipata matokeo mbalimbali kuhusu lugha ya wachuuzi." Hapo umeniambia nini? Sasa hii, nimeibuni tu: "Wachuuzi walitaja bei kwa Kiswahili, lakini wakianza kumbembeleza mteja walirudi kwenye Kiganda." Ya pili mpaka soko unalisikia. Kama una namba weka namba.

Hitimisho useme matokeo hayo yanamaanisha nini, na ile "utafiti zaidi unahitajika" achana nayo, inakula maneno bure.

Andika ikisiri mwisho kabisa, usiikopi kutoka kwa proposo (ule mpango ulioandika kabla ya utafiti), maana huko ulisema "mtafiti atawahoji" na sasa umeshawahoji. Kusudi liende na -na- (unachunguza), mbinu na matokeo -li- (uliwahoji). Kabla ya kulipia kubaindi mwambie huyo wa kompyuta atafute "atawa" na "yata" kwenye ukurasa huo, ndo mabaki ya -ta- ya proposo.