Kukadiria tungamo la galaksi kwa kasi ya mzunguko wake

Mfano wetu ni galaksi NGC 3198, upande wa kundinyota la Dubu Mkubwa. Usibebe darubini kwenda kuisaka Raskazone: hupanda kaskazini jioni za Aprili, masika yametanda Tanga nzima, na yenyewe ni hafifu. Fanya kazi na data zilizokwisha kupimwa. Namba hapa zimekadiriwa.

1. Kasi. Ukingo mmoja unakwenda mbali nasi kwa 803 km/s, wa pili kwa 517. Toa, gawa kwa 2: 143. Mwendo wa galaksi nzima (660) umejifuta wenyewe. Kule nje nyota zinakoadimika, tumia mstari wa redio wa haidrojeni, sentimita 21.

2. Mwinamo. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Tunaona sehemu tu ya kasi, ile inayokuja au kwenda kwetu, kwa hiyo gawa kwa saini (sine) ya mwinamo, yaani pembe ambayo diski ya galaksi imeinama: 0 ni uso kwa uso nasi, 90 ni ubavu. Mwinamo ni digrii 72: 143 ÷ 0.951 = 150 km/s. Excel husoma radiani, si digrii. Ukiandika =SIN(72) utapata 0.254, kasi itaruka hadi 563, na kwa kuwa kasi hupigwa kipeo cha pili, tungamo litavimba mara 14. Andika =SIN(RADIANS(72)). Usijipime kwa galaksi ya Andromeda: mwinamo wake ni 77, na kwa bahati mbaya saini ya radiani 77 ni 0.9995, karibu sawa na 0.974 iliyo sahihi, basi kosa linajificha. Kwenye kikokotoo, hakikisha kioo kinaonyesha D. Galaksi zilizotuelekea uso kwa uso ziache kabisa. Kwenye digrii 30, ukikosea 5 tu kwenda chini, tungamo linapanda kwa asilimia 40.

3. Nusukipenyo. Dakika za tao 11.2 (dakika ya tao ni 1/60 ya digrii), kwa umbali wa megapaseki 13.8, ni kilopaseki 45 (paseki moja ni miaka-nuru 3.26; kilo ni elfu, mega ni milioni). Makala za miaka ya 1980 zilitumia umbali wa megapaseki 9.2, ndiyo maana zina kilopaseki 30. Usichanganye.

4. Tungamo. M = v²r ÷ G: M ni tungamo, v kasi, r nusukipenyo, G kani thabiti ya mvutano. Achana na mita na kilo, sufuri zitakuchosha; tumia G = 4.3×10⁻⁶, kwa kilopaseki, km/s na tungamo la Jua. 150² × 45 ÷ G inatoa Jua bilioni 235 hivi.

Hilo ni la vilivyomo ndani ya kilopaseki 45 tu. Rudia kwa kilopaseki 20: kasi ni karibu ileile, tungamo bilioni 105. Mwanga wa nyota umekwisha karibu wote hapo, ila tungamo linazidi kupanda. Usihangaike kutafuta kosa. Ziada hiyo ndiyo maada isiyoonekana.